Kijiji cha Jadi Tukitafute Wapi?

Muhula uliopita mwanafunzi wangu mmoja alinijia ofisini akiwa na makala aliyoisoma juu ya matembezi mapole katika milima ya Himalaya. Makala hiyo ilieleza jinsi mgeni anavyoweza kupanda taratibu, bila kamba wala zana za wakwea milima, akapita matuta ya mpunga na mtama na kukanyaga ngazi za mawe, hadi akawasili katika kijiji cha Wagurung, watu wa milima ya kati ya Nepal. Huko hukuta nyumba za mawe zilizoezekwa kwa vipande bapa vya mawe, hulishwa wali kwa dengu, hulala chini ya vilele vyenye theluji, na asubuhi hurejea alikotoka akiwa ameridhika kwamba ameyaona maisha ya jadi.

"Mwalimu," akaniuliza, "kwetu hakuna kijiji cha namna hii? Sisi tunaoishi Ruiru na Thika tukitaka kupanda mlima tufike kijiji cha jadi, twende wapi?"

Swali lilikuwa la haki. Sikuwa na jibu la papo hapo, na mwalimu asiye na jibu hana budi kuvaa viatu. Nikamwambia akusanye wenzake kumi, kila mmoja abebe maji, daftari na nauli, tuende tukatafute. Msomaji, naomba nikusimulie tulichokipata, kwa maana hakikuwa kile tulichokifuata.

Safari ilianzia Ruiru, na somo lilianza kabla gari halijatoka mjini. Niliwauliza wanafunzi: jina la mji huu lina maana gani? Wengi wao huuvuka Mto Ruiru kila siku. Wapo waliojua kwamba jina hilo limesafiri hadi masoko ya kahawa ya ng'ambo, kwa kuwa mwaka 1985 watafiti wa kahawa walitoa aina ya mbuni inayostahimili maradhi wakaiita Ruiru 11. Lakini maana yake? Kimya. Katika lugha ya Gikuyu mto ni rũũĩ, na mto mweusi ni rũũĩ rũirũ. Nomino imedondoka, kivumishi kimebaki kikiwa bado kimevaa kiambishi cha nomino iliyokwenda zake. Ndivyo ilivyokuwa hata kwa Nairobi: Wamaasai walisema enkare nairobi, maji baridi, maji yakasahaulika, ubaridi ukabaki kuwa jina la mji mkuu. Mtu anayejua kusoma viambishi husoma ardhi kama ukurasa.

Nitaongeza tahadhari niliyowapa wanafunzi wangu. Si kila hadithi ya jina ni ya kuaminiwa. Jina Thika, kwa mfano, wengine huliunganisha na kitenzi gũthika, yaani kuzika, na husimulia vita vya kale kati ya Wagikuyu na Wamaasai. Wengine husema asili yake ni Kimaasai. Hadithi nzuri haitoshi kuwa ushahidi. Katika jina Ruiru tunao ushahidi wa sarufi yenyewe, kwani kiambishi kinapatana na nomino ya mto. Katika jina Thika tuna simulizi zinazoshindana, na msomi mwaminifu huziandika zote na kungoja.

Kutoka Thika tulishika barabara ya Gatanga. Msafiri anayetaka kuielewa nchi hii na aanze kwa kutazama mito. Chania na Thika huteremka kutoka safu ya Nyandarua, zikakutana penye mji wa Thika, kisha maji yao yakaingia Tana na hatimaye Bahari ya Hindi. Kati ya mto na mto upo mgongo mrefu wa ardhi, ambao Wagikuyu huuita rũgongo. Barabara hufuata mgongo. Anayetaka kwenda mgongo wa pili hana budi ashuke bondeni, avuke, apande tena. Kwa hiyo majirani wanaoonana kwa macho wanaweza kuwa mbali kwa miguu, na ndiyo sababu kila mgongo ulikuwa kama nchi ndogo yenye watu wake.

Ndani ya matatu niliwapa kazi ya pili. Niliwaambia waandike majina ya mahali wanayoyasoma kwenye mabango au kuyasikia kwa utingo, wayagawe mafungu mawili: yanayoanza kwa k na yanayoanza kwa g. Upande mmoja wakapata Kirwara, Kariara, Kimakia, Kandara, Kigumo, Kiambu. Upande wa pili wakapata Gatanga, Gatura, Gatundu, Githunguri, Gituamba, na Githurai ambayo kila mwanafunzi wa barabara ya Thika anaijua. Nikawauliza: mwaona nini katika silabi ya pili?

Binti mmoja alikuwa wa kwanza kuona. Kila penye g, silabi inayofuata huanza kwa t au th. Penye k, inayofuata huanza kwa r, m, nd, g au irabu. Naam. Kiambishi ni kilekile, ki- au ka-, lakini kinapofuatwa na sauti sighuna kama t, c au k, au na th, basi k ya kiambishi huwa ghuna na kuwa g. Sauti mbili za aina moja hazipendi kukaa jirani, moja hujitenga na mwenzake. Wanaisimu huiita Kanuni ya Dahl. Carl Meinhof, mwanaisimu Mjerumani, aliipa jina hilo mwaka 1903 kwa heshima ya mmishonari Edmund Dahl aliyeibaini katika lugha ya Wanyamwezi. Lakini mtoto wa Gatanga huitumia tangu akiwa mgongoni mwa mama yake, bila ya kumwomba Meinhof ruhusa. Wenyeji hujiita Agĩkũyũ na lugha yao Gĩkũyũ, kwa g. Ni sisi wageni tunaosema Kikuyu, kwa k, na katika herufi hiyo moja tunajitaja kuwa wageni.

Nimedumu katika jambo hili kwa makusudi. Mwalimu anayedhani kwamba lugha za mama ni mkusanyo wa methali na ngoma na aitazame sheria hii. Ni elimu iliyo kamili, yenye kanuni zisizokosea, imehifadhiwa vinywani mwa watu ambao wengi wao hawakuingia darasani.

Tulishuka baada ya Kirwara tukaendelea kwa miguu kuelekea Ndakaini. Mwendo ulikuwa wa upole, kama ule wa makala ya Himalaya. Chini tuliiacha mibuni. Kadiri tulivyopanda majani ya chai yaliichukua ardhi, hewa ikapoa, na udongo ukazidi kuwa mwekundu. Mbele yetu msitu wa Nyandarua ulijitanda kama ukuta wa kijani kibichi. Wanafunzi waliokuwa wakilalamikia kilima cha kwanza walianza kuimba kwenye cha tatu.

Ndipo tukafika mahali palipokuwa na nyumba nyingi zilizobanana kando ya njia: maduka mawili matatu, kanisa, vijia vyembamba baina ya kuta za mbao na mabati. Mwanafunzi wangu, yule mwenye makala, akafurahi. "Hiki hapa kijiji, Mwalimu." Tena kilikuwa kijiji cha bibi yake mzaa baba, na yeye ndiye aliyekuwa ametupangia tupumzike kwake.

Bibi alitupokea kwa chai ya maziwa na viazi vitamu. Vijana wote walimwita Cũcũ, nami nikamwita Mama, maana umri wake ulikuwa wa mama yangu. Alimtazama mjukuu wake kwa upendo usiofichika, akamwuliza jambo kwa Kigikuyu. Kijana akatabasamu, akasema "ĩĩ". Bibi akauliza tena, kwa maneno mengine. Kijana akarudia "ĩĩ", na safari hii tabasamu lilikuwa limekauka. Kimya kikaingia. Aliyekuja kuwaokoa ni binti yule aliyeivumbua Kanuni ya Dahl ndani ya matatu. Ni Mluhya, wazazi wake walitoka Busia, lakini yeye alizaliwa Makongeni, Thika, na alikua kando ya meza ya mboga ya mama yake sokoni. Akamgeukia bibi, akamjibu kwa Kigikuyu kilichonyooka, kisha akatufasiria: "Cũcũ amemwuliza kama mguu alioumia mwaka jana umepona. Anasema amekuwa akimwombea."

Kila Desemba kijana huyu huja kwa bibi yake. Kila Desemba huulizwa mambo, hujibu "ndiyo", na hurudi Ruiru. Baadaye, tukiwa peke yetu, aliniambia kwamba katika shule ya msingi aliyosoma, mtoto aliyeteleza akasema neno la nyumbani alivishwa kibao shingoni, akakivaa hadi amkamate mwenzake kwa kosa lilelile. "Nilijifunza kunyamaza upesi," akasema. Hayati Ngũgĩ wa Thiong'o aliyaandika mateso ya namna hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1986, akiyakumbuka ya enzi ya ukoloni. Mwanafunzi wangu alizaliwa miaka arobaini baada ya mkoloni kuondoka.

Kwa msaada wa binti wa Makongeni, mazungumzo yalianza upya. Mwanafunzi akamwomba bibi atueleze juu ya kijiji hiki cha jadi: wazee walikijenga lini, na kwa desturi gani. Bibi alisikiliza tafsiri, akacheka kidogo, kisha akatikisa kichwa. Maneno aliyosema niliyaandika papo hapo. "Hapa si itũũra. Hapa ni gĩcagi." Akanyosha mkono kuelekea mgongo wa ng'ambo ya bonde: itũũra lao lilikuwa kule.

Hapa panahitaji maelezo, maana ndipo swali letu lote lilipopinduka. Kwa Kiswahili, kijiji ni mji mdogo. Mto mdogo ni kijito, mti mdogo ni kijiti, na mji mdogo ni kijiji. Tunaposema neno hilo tunaona nyumba zilizokaa pamoja. Wagikuyu wa zamani hawakukaa hivyo. Kila mwenye nyumba alikuwa na mũciĩ wake katika ardhi ya mbarĩ, yaani ukoo mdogo: thingira ya mwanamume, nyũmba ya kila mke, ikũmbĩ ya nafaka, na shamba kuzunguka. Boma moja lilikuwa hapa, la pili umbali wa mwito, la tatu nyuma ya mgomba. Jumla ya makazi hayo yaliyotawanyika juu ya mgongo ndiyo iliyoitwa itũũra, neno linalotokana na kitenzi gũtũũra: kuishi, kudumu.

Gĩcagi ni jambo jingine. Serikali ya kikoloni ilitangaza Hali ya Hatari tarehe 20 Oktoba 1952, ikiwakabili wapiganaji wa Mau Mau. Mnamo Juni 1954 iliamua kuwakusanya wananchi wa nchi ya Wagikuyu katika vijiji vya lazima, ili wasiwapelekee wapiganaji wa msituni chakula wala habari. Kufikia mwisho wa 1955 zaidi ya watu milioni moja walikuwa wamehamishwa kutoka migongo yao na kuingizwa katika vijiji zaidi ya 800. Makazi ya zamani yalibomolewa au kuchomwa moto. Vijiji vingi vilizungushiwa handaki lililopandwa miti iliyochongwa ncha, vikawa chini ya ulinzi na amri ya kutotoka nje, na watu wakatolewa kwenda kazi za kulazimishwa. Hali ya Hatari iliondolewa Januari 1960. Wakati huohuo mashamba yaliunganishwa na kupimwa upya chini ya mpango wa Swynnerton wa 1954. Wenye ardhi walirejea mashambani, walioikosa wengi wakabaki vijijini. Kamĩrĩĩthũ ya Limuru, ambako mwaka 1977 Ngũgĩ na wanakijiji waliigiza Ngaahika Ndeenda, ilianza vivyo hivyo.

Bibi alikuwa msichana mdogo wakati huo. Alituambia kwamba walipewa siku chache za kujenga na kuhama, mama yake alichimba handaki mchana na kupika usiku, na nyumba yao ya ng'ambo waliona moshi wake wakiwa hapa. Hakulia alipokuwa akisimulia. Aliendelea kumenya viazi. Aliyelia ni mjukuu wake, ambaye kila mwaka hulala katika nyumba hiyo na hakuwahi kusikia habari hizo, kwa sababu hakuwa na lugha ya kuziulizia.

Basi tulikwenda kutafuta kijiji cha jadi, tukakuta kwamba kijiji ndicho kisicho cha jadi. Mtalii angepiga picha ya vijia vile vyembamba, akaandika chini yake "maisha ya asili ya Wagikuyu", na angekuwa amepiga picha ya kambi. Sisemi haya kwa kuwadharau Wagurung wala wageni wanaowatembelea. Nao Wagurung wana historia iliyovukwa na dola ileile: tangu 1815 Waingereza wamewaandika vijana wa milima hiyo katika vikosi vya Gurkha, na mishahara na malipo ya uzeeni ya askari hao imejenga nyumba nyingi zinazosifiwa leo kuwa za jadi. Katika vita vya Burma, Gurkha na askari wa Afrika Mashariki walipigana upande mmoja. Popote tunapoona neno "jadi" limebandikwa mahali, inafaa tuulize: jadi ya nani, na tangu lini?

Hata hivyo Wagurung wana jambo la kutufunza, na jambo la kutuonya. La kutufunza ni hili: mwaka 1986 hifadhi ya Annapurna ilipoanza kazi yake, ilianzia katika kijiji cha Wagurung cha Ghandruk, kilicho kama mita 2,000 juu ya bahari, nayo ikaweka msingi kwamba wenyeji washiriki kuitunza milima yao na ada ya wageni irudi katika kazi za huko. Mwenyeji si pambo la mandhari. La kutuonya ni hili: katika sensa ya Nepal ya 2011 waliojitaja kuwa Wagurung walizidi 500,000, lakini waliotaja Kigurung kuwa lugha yao ya mama walikuwa takriban 325,000. Nyumba za mawe zipo, ngazi za mawe zipo, mavazi ya ngoma yapo, lugha inapungua. Kumbe jamii inaweza kuhifadhi kila kinachopigwa picha na ikapoteza kisichopigika picha.

Kabla jua halijaenda upande, bibi alitutoa nje. Akisimama mahali pamoja, alitutajia majina: ya vijito, ya miamba, ya pembe za mgongo, ya mti wa mũgumo uliokuwapo, ya mahali palipokatwa mũtamaiyũ, ambao ndio mzeituni wa mwituni. Hapo nikaona nyuso za wanafunzi wakifungua madaftari. Gatamaiyũ, wakanong'onezana, jina la mto: ka- ndogo imegeuka ga- mbele ya t. Waliandika majina 31 ambayo sijayaona katika ramani yoyote. Baadhi, bibi alisema, hayana tena mahali pake, kwa kuwa mabonde hayo yamefunikwa na maji ya bwawa la Ndakaini. Bwawa hilo lilikamilika mwaka 1994, hubeba mita za ujazo milioni 70, na humpa mkazi wa Nairobi sehemu kubwa ya maji anayokunywa. Hatuwezi kulikataa; sote tuna kiu. Lakini nilijiuliza: tuliweza kupeleka maji ya mgongo huu hadi kwenye bomba la jikoni mjini, tukashindwa kufikisha maneno ya bibi hadi kwenye sikio la mjukuu wake?

Najua pingamizi zitakazotolewa, na zina uzito. Ya kwanza ni ukabila. Nchi iliyoyaona ya mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008 ina haki ya kuogopa kila linalowarudisha watu katika makabila yao. Lakini tazama nani alikuwa mkalimani siku ile. Ni binti wa Busia aliyempa Mgikuyu bibi yake. Lugha ya mama haikumfungia nje. Ilimpa ufunguo wa nyumba isiyokuwa yake, naye akautumia kumfungulia mwenye nyumba. Ukabila hulishwa na kutojuana. Sijaona mtu akimchukia jirani kwa sababu ameelewa sana anachosema.

Pingamizi ya pili ni ya mahali. Ruiru, ambayo katika sensa ya 2019 ilihesabiwa kuwa na wakazi takriban 490,000, ni mji wa wahamiaji. Baba anatoka Kitui, mama Kakamega, mpangaji wa pili Nyeri. Mtoto afunzwe lugha ipi? Sera yetu, tangu Ripoti ya Gachathi ya 1976, imetaka darasa za chini zifunzwe kwa lugha ya mazingira ya shule, na mtaala wa umilisi umetenga nafasi kwa lugha za kiasili katika gredi za mwanzo. Mijini lugha ya mazingira imekuwa Kiswahili. Mimi ninayekula mkate wa Kiswahili sitalalamika. Lakini matokeo ni kwamba shule huiachia nyumba lugha ya mama, nyumba nayo huiachia shule, na katikati mtoto hubaki na "ĩĩ" moja tu ya kumjibia bibi.

Hapa sina budi kuungama. Mimi ni Mtaita, nimeishi Ruiru zaidi ya miaka kumi na mitano, na shahada yangu ya uzamivu ni juu ya fonolojia ya lugha za Kibantu. Mama yangu anapopiga simu kutoka Wundanyi, wanangu humwamkia kwa Kiswahili safi na kunipa simu haraka. Nimewafundisha wana wa watu Kanuni ya Dahl. Wanangu sijawafundisha kumsalimu nyanya yao kwa Kidawida. Nilipokuwa nikimhurumia yule kijana, nilijiona mwenyewe. Mganga hajigangi, walisema wahenga, na mimi niliwathibitisha.

Sitaki kumaliza kwa maombolezo. Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 7, inaiagiza Serikali ikuze na kulinda lugha za Wakenya. Katiba ya Nepal ya 2015 inazitambua lugha zote za mama kuwa lugha za taifa. Karatasi hizi ni njema, lakini karatasi haiulizi mguu wa mjukuu umeponaje. Kazi hiyo ni yetu, na inaweza kuanza bila bajeti.

Mwalimu wa Kiswahili, kama shule yako bado ina kibao cha kumvisha mtoto aliyesema neno la nyumbani, kitie motoni leo. Kiswahili hakikujengwa kwa aibu ya lugha nyingine; ni ndugu yao, na mwanafunzi anayejua kwamba kilima ni mlima mdogo kwa Kiswahili ilhali kĩrĩma ni mlima kamili kwa Kigikuyu ameelewa ngeli kuliko aliyekariri majedwali kumi. Mwalimu wa jiografia na wa historia, ungana naye. Kila muhula wachukueni wanafunzi matembezi ya siku moja, si mbali: mgongo mmoja, mto mmoja, mzee mmoja. Waandike majina ya mahali kwa tahajia ya wenyeji, na maana kama walivyoambiwa, na jina la aliyewaambia kama ameridhia. Daftari moja libaki maktabani mwa shule, nakala moja irudi kwa mzee. Wala tusiende mikono mitupu. Tuliyemwendea alitulisha kumi na wawili. Sukari na majani ya chai si malipo, ni adabu.

Mwanafunzi, nawe usingoje mwalimu. Una simu mfukoni inayoweza kurekodi sauti. Likizo ijayo kaa na bibi au babu yako, mwombe akutajie kila kijito na kila mti anaoujua, na usipoelewa usiseme "ndiyo". Sema huelewi. Hakuna aibu katika kuuliza. Aibu ni kuwa na mtu wa kuuliza ukangoja hadi asiwepo.

Kijana wangu alirudi Gatanga peke yake wiki tatu baadaye. Alinieleza kwamba alikwenda na daftari, na kwamba bibi alimcheka mpaka machozi kwa jinsi alivyokuwa akitamka. Sasa humpigia simu kila Jumapili. Anasema ana maneno kama mia mbili, na kwamba bado hukosea. Nami jioni za Jumamosi nimeanza darasa dogo sebuleni mwangu, wanafunzi watatu, wote wana jina langu, na mmoja bado ananuna.

Mkataa kwao ni mtumwa, twaambiwa. Lakini wengi wetu hatukukataa kwetu. Tulihamishwa, tukanyamazishwa, kisha tukazoea. Anayezoea anaweza kuanza tena. Na aanze na jina la mto anaouvuka kila asubuhi.